Fundi Asiyetupa Karata

Mtaa mzima ulimwita Nimeshaweka, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Alikuwa fundi makochi, mtu wa makamo, mpole, mwenye tumbo la heshima na misumari midogo mdomoni muda wote wa kazi, hata salamu zake za asubuhi zilitoka kwa kuguna. Kazi aliijua vizuri. Ila kitu akishakitia mkono, hakiachi. Chakula kikiungua atakimaliza, kwa kuwa ameshatia chumvi. Siku moja alipanga foleni ofisini, akagundua katikati kwamba foleni si yake, akaendelea kusimama mpaka dirishani. Karani akamwuliza anataka leseni ya chombo gani, na yeye hana hata baiskeli. Akaomba radhi, akarudi nyumbani ameridhika kabisa.

Ukimwuliza sababu, atatoa misumari mdomoni na kukujibu neno moja: "Nimeshaweka." Ameweka nini? Muda, chumvi, gundi, nguvu za miguu, chochote kile. Kwake yeye, kitu ulichokitia mahali kinakuita usikiache, nawe ukikiacha utakuwa mtu usiye na utu.

Tabia hiyo ingebaki kichekesho cha nyumbani kama si poka.

Kila Jumapili mchana mafundi wa mtaa walikutana kwenye karakana ya fundi cherehani kucheza karata. Fundi cherehani ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kwanza kwa sababu chumba ni chake, na pili kwa sababu vifungo ni vyake. Hawakucheza kwa pesa. Walicheza kwa vifungo vya makoti, na mshindi wa mashindano ya mwaka alipata haki ya kukalia kiti cha mikono mwaka mzima, huku wenzake wakiumia makalio kwenye mabenchi. Kiti hicho alikitengeneza Nimeshaweka mwenyewe. Hakuwahi kukikalia ila siku ile ya kujaribu springi.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote zinafunuliwa mezani, na mwenye mkono bora anazoa vifungo. Lakini kabla hata karata hazijagawiwa, watu wawili lazima waweke vifungo bila kuona kitu: mmoja analipa kodi ndogo, mwingine kodi kubwa, na zamu inazunguka meza. Ukitaka kupandisha, unapandisha kwa kipimo kilichowekwa, huongezi hata kifungo kimoja juu yake. Mwenyekiti aliipenda sana kanuni hiyo ya kipimo. Alisema inawazuia wanaume kufilisika kwa hasira.

Sasa mtu mwenye akili zake, akiwa amelipa kodi kubwa, akatazama karata zake akakuta takataka, na mwenzake tayari amepandisha, anajikuna kichwa kwanza. Nimeshaweka hakujikuna popote. Awe ameshika saba na mbili, awe ameshika tatu na nane, karata zisizojuana hata kwa salamu, alisukuma vifungo mbele na kusema lile neno lake. Kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, alikuwa akisubiri zamu hiyo kwa hamu. "Lipeni kodi, lipeni kodi, mwenye nyumba amefika!" alipiga kelele, na meza yote ikaangua kicheko.

Kilichowaudhi ni kwamba mara nyingine alishinda. Kwenye meza inatoka saba, inatoka na mbili, na Nimeshaweka anazoa vifungo vya watu walioshika wafalme. Kinyozi aliwahi kutoka nje kupunga upepo kwa sababu hiyo.

"Huyu bwana anafanya jambo la sawa kwa sababu ya kipumbavu," Mwenyekiti alieleza siku moja huku akipima koti la mtu. "Sikiliza, fundi. Tunapandisha kwa kipimo, kwa hiyo wewe mwenye kodi kubwa unaongeza kidogo tu ili ugombee vingi vilivyopo mezani. Kwa bei hiyo hata karata mbovu zina haki yake. Umenielewa? Ni bei. Siyo kwa sababu umeshaweka! Kifungo ulichokwisha kuweka si chako tena, ni cha meza. Jiulize tu: kama ningekuwa ndio kwanza nafika mlangoni, sina changu humo ndani, kwa bei hii ningeingia? Siku nyingine utasema ndiyo. Siku nyingine utasema hapana, utatupa karata, utakunywa chai."

"Nimekuelewa kabisa," alisema Nimeshaweka. Hakuwa ameelewa hata chembe. Mgao uliofuata aliingia na nne na tisa.

Mtu aliyemwelewa kuliko wote alikuwa mkewe, na ndiye aliyeumia kuliko wote. Alifundisha hesabu shule ya msingi, na mtaa ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miwani, mwenye sauti inayosikika mpaka dawati la nyuma. Watoto wao walikuwa wamekua na kwenda kwao, na nyumba ingekuwa na nafasi ya kutosha watu wawili kujinyoosha, kama si kochi.

Kochi lililetwa na msimamizi mmoja wa ghala ili libadilishwe kitambaa. Msimamizi akahama, asirudi tena wala kutuma salamu. Fundi mwingine angelisukumia uani. Lakini Nimeshaweka alikuwa ameshang'oa misumari. Alipolifungua akakuta mbao zimeliwa na mchwa, akabadilisha mbao. Mbao mpya zikafanya springi za zamani zionekane aibu, akatia springi mpya. Springi zikataka sponji nene, sponji ikataka mikono minene, mikono ikataka mgongo wa kulingana nayo. Na kwa kuwa paa la karakana yake lilivuja, kazi hiyo yote aliifanyia sebuleni, mwaka baada ya mwaka, kila alipopata kipande cha kitambaa kizuri. Kochi likanenepa. Kwenda jikoni ilibidi upite ubavu, umevuta tumbo ndani.

"Mke mwenzangu ameamkaje?" Mwalimu aliuliza kila asubuhi, akilipigapiga kochi mgongoni. Alilichekea. Siku za mwanzo alilichekea kwa moyo mweupe.

Mambo yalikwenda mrama siku kinyozi alipokuja kuwatembelea. Kinyozi alijaribu kupita ubavu akanasa, wakamvuta, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Akakaa kwenye mkono wa kochi akihema, akasema, "Shemeji, pole. Umewezaje na mtu huyu miaka yote?"

Mwalimu alikuwa bado anacheka. "Mimi uniulize nini? Mwulize yeye kwa nini hajaniacha, na kelele zangu hizi."

Ulikuwa ni utani tu. Mume yeyote, hata mwenye usingizi, analijua jibu la swali hilo, au walau anajua kukohoa. Nimeshaweka alitoa misumari mdomoni na, kwa nia njema kabisa, kwa uso uliojaa upendo, akamjibu mkewe mbele ya mgeni:

"Aa, Mwalimu! Nikuache vipi? Nimeshaweka miaka yote hii."

Kicheko kikakatika. Kinyozi, ambaye hajawahi kupungukiwa na la kusema, alikumbuka ghafla kwamba amemwacha mteja kitini akiwa amenyolewa upande mmoja. Akapita ubavu bila kunasa.

Mwalimu hakupiga kelele, na hapo ndipo Nimeshaweka alipopaswa kuogopa, maana mkewe akikasirika anakuwa na adabu. "Ahsante," alisema. "Nimeelewa." Siku zilizofuata zilikuwa za samahani na tafadhali. Naomba unipishe. Ukipenda, chai iko tayari. Mtu hawezi kuishi ndani ya adabu za namna hiyo. Fundi alipoteza hamu ya kula, akagonga kidole gumba badala ya msumari, na hata kochi hakuligusa.

Maskini, alimpenda mke wake. Alimpenda kuliko kazi yake, kuliko karata, na alikuwa akimpenda hata alipokuwa akisema upuuzi ule. Ila neno alilokuwa nalo la kusifia kitu lilikuwa hilohilo moja, akalitoa.

Mwalimu naye akaanza kuchelewa kurudi kutoka shuleni. Fundi alikuja kusikia kutoka kwa kinyozi kwamba shemeji anapitia kwa Mwenyekiti, anakaa juu ya robota la vitambaa, anafundishwa poka. Kisha ikaja wiki ya mashindano, shule zikafungwa, na Mwalimu akamwambia mumewe mezani, kwa adabu ileile:

"Nimejiandikisha na mimi Jumapili. Tuwekeane sharti. Kati yetu wawili, atakayebaki mezani baada ya mwenzake kutoka, ndiye ataamua nini kitoke ndani ya nyumba hii."

"Nini kitoke?"

"Chochote."

Fundi alilitazama kochi. Akakubali, kwa kuwa alidhani wanazungumzia kochi.

Jumapili asubuhi aliukuta mkoba mkubwa wa bluu umesimama kando ya mlango, umefungwa zipu, umevimba. Mkoba huo Mwalimu aliutumia kwa safari moja tu: kwenda kwa mdogo wake, mbali, mahali pa kulala njiani. Fundi aliupita mara mbili bila kuuliza. Aliogopa kuuliza. Sasa alielewa chochote maana yake nini.

Karakana ya Mwenyekiti ilijaa siku hiyo mpaka watu wakakaa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nimeshaweka alicheza kama mtu anayekimbizwa, na kwa bahati ya ajabu karata zilimpenda. Mwalimu alicheza kama anavyosahihisha madaftari. Karata mbaya aliziweka pembeni bila majuto, nzuri alizipandisha, na hakumwonea mtu huruma. Alimtoa fundi saa. Alimtoa kinyozi, ambaye alitoka akisema kwamba hii si haki, mwanamke hakonyezi wala hajikuni, utamsomaje? Jua lilipoanza kushuka dirishani walibaki wawili tu mezani, mume na mke, na kati yao kiti cha mikono kikisubiri.

Mtaa ukasogea karibu. Wote walijua habari ya sharti, kinyozi alihakikisha.

Hapo Mwalimu akaanza kumla mumewe taratibu. Kila fundi alipolipa kodi kubwa, Mwalimu alipandisha, kwa sababu alijua mumewe hatatupa. Fundi aliingia na takataka, akanyang'anywa. Akaingia na takataka nyingine, akanyang'anywa tena. Kodi zilikuwa zimepanda kufikia saa hiyo. Haikuchukua muda fundi akabaki na vifungo vinane. Vinne akavilipa kodi kubwa. Vinne vikabaki mbele yake, vyeusi, vya koti la mvua.

Mwenyekiti akagawa. Mwalimu alichungulia karata zake, akapandisha. "Nane," alisema, na kurekebisha miwani.

Fundi akachungulia zake. Saba ya kopa, mbili ya shupaza. Hakuna karata mbovu kuliko hizo katika kasha zima. Watu wa nyuma yake wakaziona, wakaanza kucheka chinichini, na kinyozi akashindwa kujizuia: "Lipa kodi, mwenye nyumba amefika! Umeshaweka!" Karakana nzima ikaitikia, "Umeshaweka!"

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye vifungo vile vinne. Kisha ukasimama.

Aliutazama uso wa mkewe. Akautazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali mbao ilipopasukia. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kucheza, akafikiri. Alinyoosha kidole, akavisukuma vile vifungo vinne vya kodi mpaka katikati kabisa ya meza, mbali naye.

"Hivi si vyangu tena," alisema polepole. "Ni vya meza."

Mwenyekiti akadondosha chaki.

"Vyangu ni hivi vinne tu. Mezani viko kumi na viwili." Jasho lilikuwa linamtoka. "Nikizitupa karata hizi nabaki na vinne, na kodi za migao miwili zitavila, yale yale. Nikiingia, naweka vinne kugombea kumi na viwili. Bei si mbaya." Akamtazama mkewe machoni. "Mwalimu, ninaingia. Lakini watu wote hapa wasikie. Siingii kwa sababu nimeshaweka. Hata kama leo ningekuwa ndio kwanza nafika mlangoni, mgeni, mikono mitupu, sina hata siku moja niliyoiweka, na nikakukuta umekaa hapo na miwani yako, ningeingia. Ningeomba niingie."

Kinyozi aligeuka ukutani, akajitia kutafuta leso.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaifuta tena, ingawa haikuwa na vumbi. "Umechelewa kukusanya daftari," alisema. Sauti haikufika hata dawati la pili. "Lakini nimepokea. Mwenyekiti, funua."

Mwalimu alikuwa na ree, karata kubwa kuliko zote, na tisa. Mwenyekiti akafunua tatu za kwanza: mfalme, saba, tano. Karakana ikalipuka, saba imetoka, Nimeshaweka anaongoza! Ya nne ikawa kumi. Watu walipanda juu ya mabenchi. Ya tano Mwenyekiti aliifunua kwa ncha ya mkasi, polepole, mkatili yule, na ilikuwa ree.

Fundi alisimama, akampa mkewe mkono kama walivyozoea wachezaji wote. "Wewe ndiye unayeamua," alisema. "Nini kitoke?"

"Vitatoka viwili," alisema Mwalimu. "Kochi, na ule mkoba wa mlangoni."

"Mkoba na nani?"

"Litoe kochi kwanza."

Watu wakamiminika mpaka nyumbani kwao, milango mitatu mbele. Mwalimu akaingia ndani, akaukalia mkoba wake pembeni. Mwenyekiti na kinyozi wakashika nyuma, fundi akashika mbele, akatoka kinyumenyume akivuta. Kochi lilifika mlangoni likanasa. Wakalilaza ubavu, likanasa zaidi. Ndipo Mwenyekiti alipolipima kwa mkanda wake, akapima na mlango, akamwonyesha fundi mkanda. Kochi lililopita mlango huo siku ile lilikuwa jembamba. Hili la sasa lilizaliwa ndani, likanenepeshwa ndani, na fundi aliyekuwa na mkanda wa kupimia shingoni siku zote hizo hakukumbuka kupima mlango.

"Basi tusukume lirudi," alisema kinyozi. Wakasukuma. Halikurudi wala halikwenda. Nusu lilikuwa barazani, nusu sebuleni, na nyumba ilikuwa na mlango huo mmoja tu wa kutokea barabarani.

Fundi alisimama nje, anahema. Juu ya mgongo wa kochi aliuona utosi wa mkewe, na wazo baya likamjia, tamu sana. Mkewe yuko ndani. Mkoba uko ndani. Kochi limeziba njia. Hakuna anayeweza kumlaumu, ni ajali. Likikaa hivyo siku mbili, tatu, hasira zitapoa, chai itanywewa, na mdogo wake Mwalimu atasubiri. Hata wazo la kulikata lilimwuma. Mikono ile aliishona mara mbili. Mgongo ule ulikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya.

Akatoa kisu cha kukatia ngozi mfukoni.

"Fundi, usiharakishe," alisema Mwenyekiti, maana hata yeye alisikia uchungu wa mshono.

"Lililokwisha kuwekwa ni la meza," alisema fundi, na akachana.

Alichana kitambaa kutoka begani mpaka chini. Akang'oa sponji kwa mikono miwili. Springi zikaruka, moja ikampiga kinyozi kidevuni, akapiga yowe, na hakuna aliyemsikitikia. Alipofika kwenye mbao aliomba shoka, akapiga, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, si ya kochi, watu walidhani ni ya kochi. Mwishowe mlango ukawa wazi, na baraza yote imejaa sponji na misumari.

Akasimama pembeni, akajipangusa, akampisha.

"Pita, mama watoto," alisema. "Safari njema. Msalimie shemeji yangu."

Mwalimu akatoka akiruka springi. Alipomfikia akasimama, akamtumbukizia ule mkoba mikononi. Fundi aliupokea ukamshusha mabega.

"Mbona mzito hivi?" aliuliza. "Umebeba nini?"

"Twende, gari litatuacha," alisema Mwalimu, naye tayari ameshatangulia. "Na usianze kufungua zipu hapo. Mashati yako nimeshaweka. Tangu jana."